JUMA LA KWANZA LA GREDI YA 7 LISIPOTEE BURE



Kila Januari shule zinapofunguliwa, sisi wazazi hufikiria viatu, sare na nauli. Walimu hufikiria ratiba na madaftari. Neno moja hatulizungumzi: mtoto wa Gredi ya 7 hufanya nini darasani juma la kwanza? Nasema kwamba juma hilo ni kazi kamili ya mwalimu, tena latuhusu sisi wa chama, maana laharibiwa na mambo yale yale tunayoyapigania kazini.

Tuangalie mambo yalivyo. Katika miaka ya 1950 palikuwa na shule za kati, za darasa la 5 mpaka la 8, wazee waliziita intamidieti. Mtoto alifanya mtihani darasa la 4, na akishinda alikwenda shule nyingine, kwa njia nyingine, kwa walimu wengine. Alijua mwenyewe kwamba amevuka mto. Lakini Sekondari Msingi, iliyoanza Januari 2023, iliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi. Mtoto atoka mlango mmoja aingia mlango wa pili. Mti ni ule ule, kengele ni ile ile. Kumbe mambo yamebadilika: masomo ni 9, na mwisho wa Gredi ya 9 mtihani wa KJSEA wamngoja. Mwili wake nao wabadilika. Kama mwalimu hakumwonyesha kwamba amevuka, nani atamwonyesha?

Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika shule nyingi mtoto hupewa jembe siku ya kwanza! Nyasi zimeota wakati wa likizo, basi darasa zima lalima. Siku ya pili ni kufagia, ya tatu ni kunakili ratiba, ya nne ni kurudishwa nyumbani kutafuta pesa za hiki na kile. Juma limekwisha na mwalimu hajui jina la mtoto hata mmoja.

Yako mambo ya kufanya, wala hayataki pesa.

Kwanza ni majina. Kila mtoto asimame aseme jina lake na maana yake. Kwetu Ukambani jina lina habari: Kioko alizaliwa asubuhi, Mutuku usiku, Wambua wakati wa mvua. Huko Athi River na Mlolongo, ambako viwanda vimekusanya watu wa kila kabila, watoto watasikia majina ya Kiluo, Kiluhya, Kikuyu na Kisomali. Anayejua maana ya jina la mwenzake ataona haya kumcheka.

Pili ni sheria za darasa. Watoto wazitunge wenyewe kwa kujadiliana, wazipigie kura, wachague karani wa kuandika kumbukumbu na kiongozi kwa kura ya siri. Sisi wa chama twajua kazi hii. Sheria uliyoipigia kura huivunji ovyo. Na mwalimu ambaye darasa lake lina sheria zake hatamani fimbo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza.

Tatu ni mwethya. Mababu walikusanyika wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Darasa ligawanywe vikundi vya watoto watano au sita, wapewe fito mbili za urefu mmoja, kamba na pima maji. Watafute usawa wa mteremko wa kiwanja cha shule, waweke alama mahali pa kuchimba mtaro wa fanya juu, kisha waeleze kwa nini udongo hutupwa upande wa juu. Hapo pana hesabu, kilimo na historia ya Machakos kwa pamoja. Ikiwa lazima washike jembe, basi walishike baada ya kupima.

Nne ni kumhoji mfanya kazi. Kila mtoto amwulize mtu mmoja: Kazi yako ni gani? Watoka nyumbani saa ngapi? Nani alikufundisha? Chombo gani ni cha hatari? Mmoja atamwuliza mama ashonaye nguo katika kiwanda cha EPZ, mwingine mpakiaji mchanga, mwingine mchonga vinyago wa Wamunyu. Atasikia jinsi Mutisya Munge alivyorudi na ufundi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akaanzisha kazi inayolisha nyumba nyingi mpaka leo. Mtoto aliyesikia hayo hataona haya kwa kazi ya mzazi wake.

Tano ni barua. Kila mtoto amwandikie mwalimu ukurasa mmoja: najua nini, nini kinanishinda, nataka nini mwaka huu. Isitiwe alama. Mwalimu akizisoma usiku mmoja atajua nani hawezi kuandika sentensi, na nani analala njaa. Azitunze, awarudishie muhula wa 3.

Wako watakaosema huu ni mchezo, na masomo ni mengi. Nawajibu hivi: fundi hapimi ubao baada ya kuukata. Siku tano za kuwajua watoto si hasara, hasara ni kugundua muhula wa 3 kwamba mtoto hakusoma neno tangu Januari.

Sasa neno la chama. Mambo haya yataka mwalimu ambaye atakuwapo. Sekondari Msingi zilipoanza, mzigo mkubwa walitwikwa walimu wa mkataba wa mafunzo, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema utaratibu ule si halali, na Mei mwaka ule waligoma. Baadaye wengi waliandikwa kazi ya kudumu. Hilo halikuletwa na upepo, lililetwa na umoja. Mwalimu asiyejua kama mwezi ujao atakuwapo atatunzaje barua za watoto mpaka muhula wa 3?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Mwalimu wa Gredi ya 7 aajiriwe kwa kudumu. Pesa za serikali kwa kila mtoto zifike shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango, maana sheria ile ile ya 2013 yasema asizuiwe kuhudhuria kwa kukosa kulipa.

Nasi wazazi tusingoje. Januari ijayo usimkawize mtoto nyumbani juma zima eti masomo hayajaanza. Mpeleke siku ya kwanza, na jioni mwulize: leo umejua jina la nani?

Mwanachama, Machakos