Macho Makubwa ya Mtoto Si Urembo

Juzi nilipanda teksi ya Nakawa, hapa Kampala. Mbele yangu mama alipakata binti wa miezi kama mitano. Kila mlango ulipofunguliwa na jua kuingia, mtoto alizika uso kifuani mwa mamaye, machozi yakimtiririka wala halii. Abiria wakafanya nini? Wakamsifu! “Macho kama ya ndama! Huyu mahari yake ng’ombe wengi.” Mama akatabasamu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndugu zangu, jicho la mtoto mchanga likikua kupita kiasi, likitoa machozi, likikimbia mwanga na kioo chake kuingia ukungu, huenda ni glakoma, presha ya jicho. Maji ya ndani hukosa pa kutokea, na kwa kuwa jicho la mtoto ni laini, hutanuka kama puto huku mshipa wa kuona ukifa. Ukifa haufufuki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tiba yake hasa ni upasuaji wa mapema, kwa mkono wa bingwa. Hata kumpima vizuri aghalabu ni mpaka alazwe kwa dawa ya usingizi. Serikali isijifiche hapa: ukihesabu hospitali za kumtibu, ukishataja Mulago, Mengo na Ruharo ya Mbarara, vidole vingi vinabaki. Mtoto wa Karamoja hakukosa adabu kuzaliwa mbali.

Lakini sisi wenyewe, mtoto akiwashwa macho, twakimbilia wapi? Duka la dawa! Twauziwa matone yenye steroidi; mwasho watulia, mwezi ujao twarudia kichupa kingine. Matone hayo yakitumika muda mrefu bila daktari huweza kuzaa glakoma kwa mtoto asiyekuwa nayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twauchimba ufa!

Na kuhusu pesa zetu zinazoishia vikao vya harusi, sitanyamaza. Kila wiki twaandikishwa ahadi za keki, mapambo na magari. Baba akiomba nauli ya kumpeleka mwanawe Mbarara, simu hazipokelewi. Na hali hakuna wajuao kuchanga kama watu wa Kampala! Mkono mmoja haulei mwana. Basi ikunjueni na hiyo mingine.

Nami nina deni. Siku ile nilishuka Nakawa kimya, nikaona haya kumsemesha mama nisiyemjua. Mungu anisamehe. Wewe ukimwona mama kama huyo, usimsifie macho ya mwanawe. Mwambie.