Chipsi Bila Kufuja Mafuta

Chipsi zimekuwa chakula cha kawaida mjini Tabora, wala hatuna sababu ya kuzilaumu. Tunayoyalaumu ni mazoea ya kudhani kwamba kiazi hakiivi mpaka kiogelee katika lita nzima ya mafuta.

Taifa letu limetumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mafuta ya kula. Indonesia ilipozuia mawese yake kuuzwa nje mwezi Aprili 2022, masoko ya dunia yalitikisika. Kweli, alizeti ya Singida iko jirani, na mawese ya Kigoma yako mwisho wa njia ile ile ya misafara iliyokwenda Ujiji. Lakini hata mali ya jirani haifai kufujwa.

Ipo njia nyingine. Kata viazi kilo moja vipande vilivyo sawa, vioshe, vichemshe dakika tano, kisha vikaushe kwa kitambaa safi. Maana maji yakutanapo na mafuta ya moto ndipo mafuta huruka, yakaunguza watoto na kuchafua kuta. Vipake vijiko viwili vikubwa vya mafuta, vitandaze katika sufuria pana, ufunike kwa bati lenye makaa: moto mkali juu, hafifu chini, kama tuokavyo keki. Vigeuze mara moja, hata viwe rangi ya dhahabu.

Wazee wa Unyamwezi walianika viazi vitamu, wakala michembe bila tone la mafuta. Kujitegemea hakuanzii kiwandani tu. Jikoni pia ni mahali pake.