Baridi yabisi si baridi, wala si uzee

Lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, mara nyingine hutuponza. Maradhi ya kuvimba na kukakamaa viungo tumeyaita baridi yabisi tangu jadi, na jina hilo limewafanya wengi wasadiki kwamba chanzo chake ni umande wa Limuru au maji ya kisima alfajiri. Mgonjwa akilalamika huambiwa avae sweta na kujipaka mafuta ya mkaratusi. Ikiwa umri umesogea kidogo, huambiwa kuwa uzee umebisha hodi. Naandika makala haya kwa sababu nimeona kauli hizo zikimgharimu mtu mkono wake.

Nilifundisha kwa miaka kadhaa pamoja na mwalimu ambaye mwandiko wake ubaoni ulikuwa wa kupigiwa mfano. Alikuwa na umri wa miaka 34 maumivu yalipomwanza katika vidole, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya blauzi yake. Ifikapo saa nne mikono ilikuwa imelegea, naye akaendelea na kazi kana kwamba hapakuwa na lolote. Hilo ndilo lililomponza zaidi, maana waliomwona akiandika na kucheka saa tano hawakusadiki kwamba saa kumi na mbili alishindwa kushika kikombe. Mkuu wa shule alimwandikia barua ya kumwonya kwa kuchelewa. Nasi tulionyamaza katika chumba cha walimu hatuna la kujivunia. Alipofika mbele ya daktari aliyeutambua ugonjwa, miaka mitatu ilikuwa imepita na vidole viwili vilikwisha kupinda.

Yafaa tufahamu kwamba ugonjwa huu ni tofauti na ule wa wazee, ambao gegedu hulika kwa kutumika miaka mingi. Katika huu, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, kisha gegedu na mfupa huanza kuliwa. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuugua wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi. Hata watoto walio chini ya miaka 16 wana ugonjwa wao wa jamii hii, kwa hivyo mwanafunzi anayechechemea kila asubuhi asidhaniwe kuwa anakwepa gwaride.

Dalili zake si fumbo. Viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba, aghalabu pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, mtu asingoje. Na kipimo cha damu kikionyesha hakuna kitu, bado daktari hana budi kumchunguza, kwani wako wagonjwa ambao damu yao haionyeshi.

Mintarafu ya dawa, nina neno moja la msisitizo. Vidonge vya kutuliza maumivu huondoa kilio tu, lakini haviuzuii mfupa kuliwa. Zipo dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe, na inayotumiwa kwanza mara nyingi ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki! Wako watu duniani waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na mwanamke mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia. Prednisoloni nayo huleta nafuu ya haraka inayoshawishi, ila ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Ni kweli kwamba mabingwa wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Hata hivyo, barua ya kumpeleka mgonjwa kwao huanzia kwa daktari wa hospitali ya kaunti.

Dawa pekee hazitoshi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 490 na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono, huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida, waliweza kuitumia mikono yao vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale wasiofundishwa. Kwetu wapo wataalamu wa kazi hiyo, na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kimewafunza kwa miaka mingi. Wao humwonyesha mgonjwa namna ya kupumzisha kiungo kilichowaka na kukitumikisha kilichotulia, humtengenezea banzi la kuegemeza kifundo cha mkono, na humfundisha kubeba madaftari kwa mikono miwili yakiwa yameegemea kifua badala ya kuyaning'iniza kwa vidole. Mambo madogo hayo! Lakini waulize wanaoyahitaji.

Shule nazo zina wajibu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na sioni heshima yoyote katika barua ya onyo kwa mtu ambaye vidole vyake havikunjuki. Kumwondolea mwalimu kipindi cha kwanza hakuhitaji hata shilingi moja, ila penseli na kifutio cha mwandalizi wa ratiba. Mtahiniwa mwenye mikono migonjwa naye aombewe muda wa ziada mapema, si wiki ya mtihani.

Mwenzangu huyo angali anafundisha, katika shule nyingine. Kipindi chake cha kwanza huanza saa nne. Kalamu yake ameizungushia sponji ili iwe nene, na ubaoni huandika mwanafunzi wa zamu huku yeye akisoma kwa sauti. Vile vidole viwili havikunyooka tena.