Posho ya baridi ya wazee Uingereza: Kwa nini pauni 200 ziliitikisa serikali?

Julai 2024 serikali mpya ya Uingereza iliamua kwamba si kila mzee anastahili kulipiwa gharama za kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imebadili msimamo, ikiwa na majeraha ya kisiasa ambayo hayajapona. Kila tunapoisoma habari hii kwenye kipindi, wasikilizaji hutuuliza: nchi tajiri kama ile inakosaje pauni 200 za kumpa mzee?

Jibu fupi ni kwamba hazikukosekana. Ugomvi ulikuwa nani apewe, na nani aamue kwamba huyu anastahili na yule hastahili.

Posho yenyewe ni ipi?

Sisi wa Pwani joto likizidi tunatafuta feni. Uingereza shida ni kinyume chake. Kuanzia Novemba hadi Machi nyumba hupashwa joto kwa gesi au umeme, na bili yake si ya mchezo. Mzee anayekaa ndani kutwa huihisi zaidi, na baridi ikimzidi inaweza kumletea maradhi ya kifua na moyo.

Mwaka 1997 serikali ya Labour, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, ilianzisha malipo ya mara moja kwa mwaka kumsaidia mzee katika kipindi hicho. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa pauni 200 kwa kaya yenye mstaafu, na pauni 300 kama yupo mwenye miaka 80 au zaidi. Pauni 200 ni zaidi ya shilingi laki sita za Tanzania.

Jambo la kushika hapa ni kwamba karibu kila aliyefikia umri wa pensheni alilipwa, na wengi wao hawakujaza fomu yoyote. Mjane anayehesabu senti na tajiri mwenye nyumba mbili walipata sawa. Kwa wakosoaji huo ulikuwa upotevu wa fedha za umma.

Nini kilibadilika?

Labour ilirudi madarakani Julai 2024 baada ya miaka 14 ya upinzani, ikiwa na wabunge zaidi ya 400 kati ya 650. Wiki chache tu baadaye, Julai 29, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alilieleza bunge kwamba amekuta pengo la pauni bilioni 22 kwenye hesabu za mwaka ule. Moja ya hatua za kuliziba ilikuwa posho ya baridi. Kuanzia msimu huo, Uingereza na Wales, ingelipwa tu kwa wazee wanaopokea nyongeza ya pensheni, yaani posho ya wazee wa kipato cha chini kabisa, au misaada mingine michache ya aina hiyo.

Waliokuwa wakilipwa walizidi milioni 10. Waliobaki walikadiriwa kuwa milioni 1.5. Serikali ilitarajia kuokoa takriban pauni bilioni 1.4 katika mwaka wa kwanza.

Hatua hiyo haikuwamo kwenye ilani ambayo Labour iliwanadia wapiga kura.

Mstari ulipita wapi?

Kila mpango wa kupima kipato una mstari. Anayesimama chini ya mstari anapewa, anayesimama juu anakosa. Ili kuelewa hasira iliyofuata, lazima tuangalie mstari huu ulipita wapi hasa.

Mwaka ule nyongeza ya pensheni ilikuwa inamfikisha mzee anayeishi peke yake kwenye pauni 218.15 kwa wiki. Pensheni mpya kamili ya serikali ilikuwa pauni 221.20 kwa wiki. Tofauti ni pauni 3 na peni 5.

Chukua wazee wawili majirani. Mmoja ana pensheni kamili ya serikali na hana kingine chochote. Hana akiba ya maana, hana pensheni ya kazini, na hana ulemavu unaotambuliwa ambao ungempandishia kiwango. Mwenzake alikuwa chini ya kiwango, serikali ikamjazia hadi pauni 218.15. Kwa mwaka mzima wa kwanza anamzidi wa pili kwa pauni 158 na ushei. Lakini wa pili anapata posho ya baridi ya pauni 200 na wa kwanza hapati. Aliyekuwa mbele kidogo amegeuka kuwa nyuma, na sababu ni kwamba alichangia kikamilifu kwenye mfuko wa taifa alipokuwa akifanya kazi.

Huyu si tajiri ambaye serikali ilisema inamlenga.

Kundi la pili ni la wale waliokuwa chini ya mstari lakini hawakujulikana. Makadirio ya serikali yenyewe yalionyesha hadi kaya 880,000 zilikuwa na haki ya nyongeza ya pensheni lakini hazikuwa zikiidai. Wengine hawakujua kama ipo. Wengine walishindwa na fomu, yenye maswali zaidi ya 200. Na wengine waliona haya: mtu aliyejitegemea maisha yake yote hapendi uzeeni aonekane anaomba. Hao walikuwa maskini kuliko wengi waliokuwa wakipewa, na sasa walikosa vyote viwili.

Hapo serikali ilijikuta kwenye kitendawili. Ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wazee waombe nyongeza, na maombi yakaongezeka kweli. Lakini kwa hesabu zake, nyongeza hiyo ilikuwa na thamani ya wastani wa pauni 3,900 kwa mwaka kwa anayeipata. Kila aliyefanikiwa kuomba aligharimu hazina mara nyingi zaidi ya pauni 200 alizokuwa ananyimwa. Kwa maneno mengine, akiba iliyotarajiwa ilitegemea wenye haki waendelee kutoijua haki yao. Hakuna waziri anayeweza kuusimamia mpango wa namna hiyo hadharani.

Novemba 2024 tathmini ya serikali ilionyesha kwamba hatua hiyo ingewasukuma wazee wapatao 50,000 zaidi kwenye umaskini katika mwaka uliofuata.

Je, hoja ya serikali ilikuwa ya hovyo?

La. Uingereza ya leo si ya mwaka 1997. Wazee wengi wana nyumba zao na pensheni za kazini, na umaskini wa watoto sasa uko juu kuliko umaskini wa wazee. Pensheni ya serikali nayo inalindwa vizuri: kila Aprili hupanda kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ukuaji wa mishahara, au asilimia 2.5. Aprili 2025 ilipanda kwa asilimia 4.1, sawa na pauni 470 hivi kwa mwaka kwa mwenye pensheni mpya kamili. Mawaziri waliuliza: kijana anayelipa kodi ya nyumba kwa mshahara mdogo, kwa nini amchangie bili mstaafu mwenye uwezo kuliko yeye?

Ni swali la haki. Tatizo ni kwamba Aprili huja baada ya baridi kupita. Na mstari haukuwekwa kwa mwenye uwezo, uliwekwa pale ambapo ofisi ya serikali tayari ilikuwa na orodha ya majina. Ilikuwa njia rahisi ya kiutawala, na urahisi huo ndio uliozaa makosa yote mawili niliyoyaeleza.

Siasa ilivyogeuka

Septemba 10, 2024 wapinzani walileta hoja bungeni ya kuifuta kanuni hiyo. Serikali ilishinda kwa kura 348 dhidi ya 228. Mbunge mmoja tu wa Labour, Jon Trickett, alipiga kura kuipinga serikali yake, lakini makumi ya wenzake hawakupiga kura kabisa. Mwezi huohuo, kwenye mkutano mkuu wa chama mjini Liverpool, wajumbe walipitisha azimio la kutaka hatua hiyo iondolewe. Azimio halikuwa na nguvu ya kuilazimisha serikali, lakini ujumbe ulifika.

Wapinzani nao walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 2017 Theresa May wa chama cha Conservative alipoahidi kwenye ilani yake kupunguza posho hiyohiyo kwa kupima kipato, Labour ndiyo iliyompigia kelele, ikionya kwamba wazee wapatao 4,000 wangeweza kufa. May alipoteza wingi wake bungeni na mpango ukafa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mei 1, 2025 ukafika uchaguzi wa serikali za mitaa. Chama cha Reform UK cha Nigel Farage kilitwaa halmashauri 10, na siku hiyohiyo kikainyang'anya Labour kiti cha ubunge cha Runcorn na Helsby kwa tofauti ya kura 6. Si haki kusema posho ya baridi peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Uhamiaji, gharama za maisha na uchovu wa vyama vikongwe vilichangia. Lakini wanasiasa wa Labour waliopita nyumba kwa nyumba walirudi wakieleza kwamba suala hilo walikutana nalo mlangoni tena na tena.

Ilikuwa moja ya hatua za kwanza kabisa za serikali mpya, wakati wananchi bado wanaitazama wajue ni ya namna gani. Wengi walilolishika ni kwamba imeanza na wazee.

Mei 21 Waziri Mkuu Keir Starmer aliliambia bunge kwamba anataka wazee zaidi walipwe. Juni 9 Reeves akatangaza mstari mpya: kila mstaafu mwenye kipato cha hadi pauni 35,000 kwa mwaka atabaki na posho. Aliye juu ya hapo atalipwa kama wengine, kisha fedha zirudishwe kupitia mfumo wa kodi. Jumla ya wazee wapatao milioni 9 sasa wangenufaika na posho hiyo. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 1.25, na akiba iliyobaki ni kama pauni milioni 450.

Hesabu ya kisiasa haikuishia hapo. Wiki chache baadaye serikali ilipeleka bungeni muswada wa kupunguza misaada ya watu wenye ulemavu. Safari hii wabunge zaidi ya 120 wa Labour walitia saini kuupinga, na Julai 1 serikali ililazimika kuondoa sehemu yake kubwa wakati mjadala unaendelea. Mbunge aliyekwisha kuitetea hatua ngumu mbele ya wapiga kura wake, kisha akaona wakubwa wameiacha, hawi tayari kujitoa mara ya pili.

Kwetu inatuhusu nini?

Swali la nani apewe linatugusa moja kwa moja, kwa sababu Afrika Mashariki inatumia njia zote mbili.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila kuuliza ana nini nyumbani. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza kwa kuwachagua wazee maskini, kisha mwaka 2018 ikapanua Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara, kupitia TASAF, inalenga kaya maskini, zikitambuliwa kwenye mikutano ya vijiji na mitaa na kisha kwa dodoso.

Aliyewahi kuhudhuria mikutano hiyo anayajua malalamiko: jina la fulani limeingia, la jirani yake limeachwa, na hakuna anayeweza kueleza tofauti yao. Ni mambo yaleyale ya wale wazee wawili wa Uingereza. Kupima kwa umri nako kuna kasoro, maana wapo wazee wasio na cheti cha kuzaliwa wala kumbukumbu ya mwaka. Lakini mzozo wa umri ni mmoja na huisha. Kipato cha mtu anayetegemea samaki, mazao na watoto hubadilika kila msimu.

Kwa hiyo serikali yoyote ikisema itawalenga wanaostahili tu, mwananchi ana haki ya kuuliza mambo matatu. Mstari unapita wapi, na aliye juu yake kidogo anabaki na nini? Nani ana wajibu wa kumtafuta mwenzake, ofisi imtafute mzee au mzee aitafute ofisi? Na gharama ya kupima ikitolewa, akiba inabaki kiasi gani?

Uingereza iliyajibu maswali hayo baada ya kupitisha uamuzi, na jibu la tatu lilikuwa pauni milioni 450 pale ilipotaraji bilioni 1.4. Mstari wenyewe haujafutwa. Mwenye pauni 35,001 leo anakosa kile anachopata mwenye pauni 35,000. Tofauti ni kwamba sasa umesogezwa hadi mahali ambapo anayeukosa bado anaweza kuwasha joto.