Tochi ya simu siyo tochi

Wasee, tuongee tochi. Najua unaona hii ni mada ya soja wa ploti, lakini ngoja kidogo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya yote, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Wengi wetu tulifanya kitu kimoja: tukawasha taa ya simu. Na kwa wengi, giza lilidumu kuliko chaji.

Msimamo wangu ni huu: kila nyumba hapa Majengo inafaa kuwa na tochi moja ya maana, na simu iachwe ifanye kazi ya simu. Simu ndiyo pochi yako, M-Pesa iko hapo. Ndiyo iko na namba ya mtu wa boda, ndiyo unapigia buda akuje akuchukue stejini. Ukimulika nayo njia usiku, unakula chaji ya hayo yote, halafu unatembea umeinua kitu cha bei ukiwaonyesha wezi kiko wapi. Na mvua ya Nyeri haiulizi kama simu yako inaogopa maji.

Sasa, balbu gani? Hapo mjadala uliisha kitambo. Tochi za guka zilikuwa na balbu ya uzi: umeme unapita kwenye uzi mwembamba, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuwa joto, si mwanga, na ukiiangusha vibaya uzi unakatika. Halojeni ni ndugu yake. Uzi ni ule ule, ila gesi iliyo ndani inausaidia kuwaka kwa ukali zaidi bila kuisha haraka. Lakini bado inakula betri.

LED haina uzi. Mwanga unatoka kwenye kipande kidogo sana ambacho umeme ukipita kinang'aa chenyewe. Ilichelewa kuwa nyeupe kwa sababu LED ya bluu ilikuwa ngumu kutengeneza. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliopasua hiyo njugu, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. LED nyingi nyeupe kwa kweli ni za bluu zilizofunikwa na unga wa manjano, na hizo rangi mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe.

Kitu kimoja napea balbu ya uzi ni rangi. Mwanga wake wa manjano unaonyesha vitu vilivyo. LED ya bei ya chini, ile ya bluu bluu, inaweza kufanya waya mwekundu na wa kahawia zifanane. Kama kuna fundi nyumbani, tafuta LED yenye mwanga wa manjano kidogo. Ziko.

Lakini neno LED kwenye boksi lisikufanye utoe pesa mbio. Mwaka 2009 watafiti wa Lumina Project waliongea na watumiaji wa tochi za LED huko Kericho, Brooke na Maai Mahiu. Wengi wao walikuwa wamepata shida na hizo tochi ndani ya miezi sita. Miaka imepita, na ule ujanja bado uko barabarani. Piga hesabu: tochi ya shilingi 200 ukiinunua mara nne kwa mwaka ni 800, na bado huna tochi. Maskini ndiye hulipa giza mara nyingi.

Kwa hivyo ukienda kununua, angalia hivi.

Kwanza, usihesabu vitaa. Tochi yenye vitaa vidogo ishirini si kali kuliko yenye LED moja nzuri. Hivyo vidogo vikisukumwa sana na umeme hupata joto na kufifia mapema. Tafuta LED moja kwenye kichwa cha chuma, kwa sababu chuma hutoa joto nje.

Pili, wachana na "inamulika kilomita moja". Umbali unaoandikwa kwa kufuata kipimo rasmi ni pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi, si pale utatambua mtu. Na wewe hutafuti mtu kwenye kilima cha pili, unatafuta shimo lililo mbele ya mguu wako. Mulika ukuta hapo dukani: mwanga ukiwa ni kiduara kidogo tu katikati na giza pembeni, rudisha. Kwa kutembea mtaani, lumeni 100 zilizosambaa vizuri zinatosha. Ukungu ukishuka, shika tochi chini karibu na kiuno, maana ukiiweka usawa wa macho mwanga unakurudia usoni.

Tatu, betri. Hapa ndipo uongo mwingi umejificha. Ile ya lithiamu ya duara inayoitwa 18650 ni nene milimita 18 na ndefu 65. Ukiona imeandikwa 9,900 mAh, ni uongo, hakuna nafasi ya hiyo nguvu humo ndani. Kama unaogopa feki, chukua tochi ya betri za kawaida za AA, utazipata hata kiosk. Zitoe tu kama tochi inakaa miezi bila kutumika, zisije zikavuja na kuiharibu.

Nne, maji. IPX4 inamaanisha inavumilia kurushiwa maji, hiyo inatosha mvua. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30.

Kuna watu watasema tochi ni ya ushamba. Sawa. Lakini mathe anayetoka saa kumi usiku kwenda soko hajali swaga, anajali asivunjike mguu. Dada anayeshuka matatu saa tatu usiku anataka aone nani amesimama pale kona kabla hajafika.

Kwa hivyo kabla hujanunua kava ingine ya simu, jiulize hivi: stima ikipotea leo usiku, mtoto wa kwenu ataenda choo cha nje akiwa ameshika nini?