Rai Ina Adabu Zake



Ni nyumba chache katika mwambao wetu leo zisizoingiwa na nyimbo, filamu, picha na michezo ya kompyuta. Vyote vimeingia kwa mlango wa simu, na simu haibishi hodi. Juu ya vitu hivyo baba ana rai yake, mama ana yake, na kijana ana yake ambayo mara nyingi haitamki. Makala ya leo hayatoi hukumu ya vitu hivi, kwani hukumu ina mlango wake na watu wake. Yanahusu namna ya kutoa rai, maana nyumba nyingi hutengana kwa jinsi kitu kilivyosemwa kuliko kwa kitu chenyewe.

Adabu ya kwanza ni kutenganisha rai na hukumu. Kusema "sikipendi" ni jambo moja, na kusema "ni haramu" ni jambo jingine. La kwanza ni khabari ya moyo wako. La pili ni kusema kwa niaba ya sheria, nawe utaulizwa juu yake. Tazama sataranji. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli mashuhuri ni kuwa mchezo huo ni makruhu, maadamu hauna kamari wala haumpotezei mtu sala, ilhali maimamu wengine walikuwa wakali zaidi. Kila mmoja alitoa dalili yake, na hapana aliyefanya chuki ya nafsi yake kuwa dalili.

Adabu ya pili ni kukijua unachokisema. Mama mmoja aliniletea suala. Mwanawe wa miaka kumi na mitatu alinunua kimashine cha zamani cha michezo, cha kushika mkononi. Baba akakivunja pasi na kukitazama. Tangu siku hiyo kijana huitikia salamu tu, na chakula hula chumbani kwake. Nikauliza ni mchezo gani uliokuwamo, nikaambiwa ni Tetris.

Mchezo huo ulitungwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, kwenye kompyuta isiyoweza hata kuchora picha, hata akaviunda vipande vyake kwa alama za mabano. Vipande vyenye miraba minne huanguka kutoka juu, na mchezaji huvigeuza na kuvipanga mpaka safu ijae. Safu ikijaa hufutika. Hamna damu wala bunduki, hamna utupu wala kamari. Rai yangu ni kuwa ni mchezo mzuri wa akili, tena bora kuliko mingi ya leo inayomfundisha mtoto kufurahia kuua. Walakini una kasoro moja kubwa: hauna kikomo. Kila ukiweza, huongezewa kasi, hata ushindwe. Mchezo usio na kikomo ndani yake wahitaji kikomo kutoka nje, nacho kwetu ni adhana, na baada ya adhana ni neno la mzazi.

Lau baba yule angeketi robo saa na mwanawe, angeyajua haya. Angeweza bado kukataza, na haki hiyo anayo, lakini angekataza kwa sababu ambayo kijana angeielewa. Sasa kijana amejifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Mtoto anayeficha Tetris leo, kesho ataficha lililo zito zaidi, na siku hiyo baba hatakuwa na wa kumwambia.

Adabu ya tatu ni insafu: taja zuri na baya kwa mizani moja. Chukua filamu ya Ar-Risala ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab, iliyotoka mwaka 1976. Aliipiga mara mbili: kwa Kiarabu, Abdullah Gaith akiwa Hamza, na kwa Kiingereza, Anthony Quinn akishika nafasi hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Wako maulamaa wasiokubali masahaba waigizwe kabisa, na kauli yao ina uzito. Ama mimi, nausifu ule ukimya ulioachwa mahali pa Mtume, kwani mtazamaji hufahamu kuwa kuna cheo kisichoigizwa. Nakosoa kuwa vita vimekamata nafasi kubwa, hata mtoto aweza kutoka na panga kichwani na kuisahau subira ya miaka 13 ya Makka.

Adabu ya nne ni kustahimili rai ya mwenzio. Maulidi ya Al-Habshi yalipoanza kusomwa Lamu kwa matari, katika zama za Habib Saleh, wako waliopinga matari kupigwa msikitini, nao hawakuwa wajinga. Hadi leo matari hulia Riyadha, na wasioyaafiki wapo pia. Mimi nafsi yangu najiepusha na ala za nyuzi, na kasida yenye matari hunigusa kuliko wimbo wowote, kwa kuwa maneno yake husikika wazi. Hiyo ni rai. Jirani yangu apendaye taarabu hajapungukiwa na haki yake ya salamu.

Sasa nawaomba wazazi jambo moja wiki hii. Mwambie mwanao akuonyeshe kitu kimoja akipendacho, uwe wimbo, filamu, picha au mchezo. Sikiliza kwanza, muulize anakipendea nini, kisha toa rai yako na sababu yake. Ikiwa pana hukumu, itaje pamoja na dalili, na ikiwa huijui, sema twende tukamuulize mwalimu.

Kazi hii yataka subira. Yuko mchoraji wa Istanbul, Osman Hamdi Bey, aliyechora mwaka 1906 mzee mwenye joho jekundu akiwafunza kobe. Picha za wenye roho zina mjadala wake, nami siitundiki ukutani, ila maana yake naipenda. Mikononi mwa mzee, nyuma ya mgongo, mna nai, na kobe wako miguuni pake kwenye majani. Ameinama kidogo, anawatazama. Wanafunzi wake ni wazito, naye hakuwaacha.

Mwenyezi Mungu atupe hekima katika ulezi, na azifungue nyoyo za watoto wetu kwetu. Amin.

Wallahu a'alam.