Kalenda ya ofisi isiondoke na mtu

Mfanyakazi akiacha kazi, ofisi nyingi hukumbuka kumdai funguo, kitambulisho na kompyuta, lakini kalenda yake ya mtandaoni huachwa ikining'inia. Huo ni uzembe wenye gharama. Katika mfumo kama Outlook, kikao ni cha aliyekiitisha; mwalikwa hawezi kukibadilisha kwa wote. Akaunti ikifutwa, kikao cha kila Jumatatu saa tatu asubuhi hubaki kwenye kalenda za wenzake, ukumbi umeshikwa, na hakuna wa kukiahirisha isipokuwa fundi wa mfumo. Mgeni aliyealikwa kutoka nje atafika mapokezi na kumuulizia mtu ambaye hayupo tena.

Wapo wanaosema usalama unadai akaunti ifungwe siku ileile. Ni kweli, na ifungwe. Ila kufunga si kufuta. Google Workspace huruhusu kurejesha akaunti iliyofutwa ndani ya siku 20 tu, Microsoft 365 siku 30. Wengine wanahofia faragha kalenda ikikabidhiwa mtu mwingine, kwa kuwa hubeba hata miadi ya hospitali. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo sababu vikao vya idara viitishwe tangu mwanzo kwa akaunti ya idara. Kwa anayejiandaa kuondoka sasa, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Muda huo unatosha kabisa kukaa naye, kupitia vikao kimoja kimoja, yeye afute vyake na mrithi aviitishe upya.